Novalgine: dawa moja, sheria mbalimbali

Ndugu mfanyakazi, kichwa kikikuuma nyuma ya kazi, labda unapita kwenye farmasi ya Makiso ao Mangobo kuomba Novalgine. Je, unajua kwamba Marekani iliiondoa sokoni mwaka wa 1977?

Jina lake la kweli ni metamizoli. Wengine wanaiita dipironi. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka wa 1922. Huko ingali inatumiwa sana, lakini tangu 1987 ni kwa karatasi ya munganga tu. Sweden iliikataza 1974, ikairudisha 1995, ikaiondoa tena 1999. Brazil inauzwa bila karatasi. Wataalamu wenyewe hawasikilizani!

Inatuliza maumivu na homa vizuri, hatukatai. Lakini kwa watu wachache inamaliza chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili. Hutokea mara chache, lakini linaweza kuua.

Alama zake ni homa, koo kuuma na vidonda mdomoni. Na hapa Kisangani, nani anayepata homa asiseme ni malaria? Halafu anameza vidonge vingine vya dawa ile ile. Usifanye hivyo. Homa na koo vikikushika ukiwa unaitumia, ao siku chache nyuma yake, iache siku hiyo hiyo, nenda hospitali, uombe wapime chembe nyeupe. Kipimo cha malaria peke yake hakitoshi. Hata sindano ya homa, uliza jina lake kwanza. Na boksi la dawa, usilitupe: mwonyeshe munganga.