Mji Ukidorora, Nani Aulizwe?



Wengi wetu twaujua mji wa Webuye, Kaunti ya Bungoma. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilipofungwa mwaka 2009, si wafanyakazi peke yao walioumia. Mama wa mboga alikosa wateja, mwenye nyumba akabaki na vyumba vitupu. Mwaka 2016 kiwanda kiliuzwa kwa mwekezaji mwingine, lakini funzo likabaki: mji wenye mlango mmoja wa riziki, mlango ukifungwa wote hulala njaa.

Sasa mji kama huo ukitaka kuinuliwa, nani aseme uinuliwe vipi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu Katiba ya 2010, kuwauliza wananchi si hisani ya mkubwa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake.

Lakini haki bila matayarisho hupotea. Tulihudhuria baraza moja la namna hiyo katika mji mwingine mdogo. Tangazo lilibandikwa siku mbili tu kabla. Ramani ilikuwa imeshachorwa, na pale wanapouzia akina mama wa nafaka palikuwa pameandikwa maegesho ya magari. Wao wenyewe hawakuwapo. Ilikuwa siku ya soko. Sisi tuliokuja tulikunywa soda, tukatia sahihi karatasi ya mahudhurio, tukaenda zetu. Baadaye tukaambiwa, "Mbona mlikubali? Sahihi zenu si hizi hapa?"

Hebu basi tufanye hivi:

1. Ombeni mpango mapema, muusome pamoja. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

2. Tembeeni mjini mkihesabu: vibanda vingapi vimefungwa? Maji machafu yanapita wapi? Taa zipi haziwaki?

3. Chagueni mambo matatu tu. Msiseme, "Tunataka maendeleo." Semeni, "Tunataka choo na bomba la maji kando ya soko la nafaka."

4. Kataeni baraza la siku ya soko. Ombeni siku nyingine, kwa maandishi.

5. Andikeni maoni nakala mbili. Moja igongwe muhuri, mbaki nayo. Na kabla ya kutia sahihi, someni kichwa cha karatasi: kuhudhuria si kukubali.

6. Fuateni pesa. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Katikati hapo ulizeni: choo chetu kimo?

Akina mama wale wa nafaka walichelewa, lakini wameandika barua. Nakala yenye muhuri iko kwa mwekahazina wao. Jibu bado, nao bado wanauza palepale.

Je, kikundi chenu kimeshaiona ramani ya mji wenu?