Mukuru: Barabara imefika, je, mpangaji atabaki?

Ukiishi Mukuru, Nairobi, unanunua maji kwa mtungi. Kwa kila lita, unalipa zaidi ya mtu wa mtaa wa kifahari mwenye mfereji ndani ya nyumba. Mbona? Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru ina hati za watu binafsi na makampuni, kwa hivyo huduma za umma zilichelewa kufika.

Mwaka 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa Eneo Maalum la Mipango. Yaani ujenzi mpya usimame kwa miaka 2, mpango uandaliwe kwanza.

Kuna zaidi ya familia 100,000 hapo. Utawauliza vipi wote? Nyumba 10 ziliunda kikundi kimoja chenye mwakilishi, wapangaji wakiwemo.

Kilichosumbua ni barabara. Kwa vipimo vya kawaida vya jiji, nyumba nyingi zingebomolewa. Basi mpango ukachagua barabara nyembamba ili watu wabaki.

Tangu hapo, lami na mabomba ya majitaka yamefika baadhi ya sehemu. Lakini mpango si hati. Mwishoni mwa 2021, matingatinga yalibomoa maelfu ya nyumba Mukuru kwa Njenga kupisha barabara nyingine.

Mtaa wako ukiwekewa mpango kama huu, uliza mapema: ardhi ni ya nani? Na kodi ikipanda baada ya lami, nani atamlinda mpangaji?