Kioo cha nyuma kikipasuka njia ya Ngorongoro, bima ipi inalipa?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Karatu bado ina ukungu. Dereva anapakia mabegi ya wageni, boksi la chakula na maji, anabamiza mlango wa nyuma ili ufunge vizuri. Paa! Kioo chote kinamwagika chini kama mahindi. Wageni wanamwangalia. Bosi yuko Arusha, kilomita zaidi ya 100 kutoka hapo. Na swali la kwanza kichwani siyo la wanyama tena, ni la hela: nani analipa hiki kioo?

Madereva wengi wa njia hii hujibu haraka: "Gari ina bima." Kweli inayo, stika ipo. Lakini stika peke yake haisemi kama kioo kitalipwa. Jibu linategemea aina ya bima, nani kasababisha, na maneno yaliyoandikwa kwenye mkataba ambao wengi hawajawahi kuufungua.

Kwa nini kioo cha nyuma ni habari nyingine

Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili zilizogandishwa na utando katikati. Jiwe likikipiga, kinapata ufa au nyota, lakini hakidondoki. Unaweza kuendesha taratibu hadi kwa fundi, na alama ndogo wakati mwingine inazibwa.

Cha nyuma kwenye magari mengi ni kioo kilichoimarishwa kwa joto. Kikivunjika kinageuka punje ndogondogo, ili kisimkate mtu vibaya. Hakuna kuziba ufa hapo. Ni kununua kingine, basi.

Na siyo kioo kitupu. Kwenye magari mengi kinabeba nyuzi nyembamba za kuondoa ukungu, wakati mwingine waipa, antena na taa ya breki ya juu. Kwa anayepanda asubuhi kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nyuzi hizo siyo urembo. Bila hizo haoni nyuma.

Bima ndogo: hailipi kioo chako

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ndiyo ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Kazi yake ni kuwalinda watu wengine dhidi ya gari lako. Ukimgonga mtu au ukiharibu mali yake, bima inabeba. Gari lako mwenyewe halimo.

Kwa hiyo dereva aliyebamiza mlango, au aliyepiga rivasi akagonga tawi la mti kwenye kambi, akiwa na bima ndogo anajilipia mwenyewe. Hakuna fomu ya kujaza wala wakala wa kubembeleza.

Ipo pia bima ya katikati, ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Hii inalipa gari likiungua au likiibwa. Kioo kilichovunjwa na jiwe au tawi hakihusiki. Kikivunjwa na mwizi aliyekuwa anajaribu kuliiba gari, hapo kuna la kuzungumza. Akiwa amevunja ili achukue begi tu, mkataba ndio unaoamua, na begi lenyewe kwa kawaida halilipwi na bima ya gari.

Lakini bima ndogo ya mwenzako inaweza kukulipa

Hili wengi hawalijui. Kioo cha nyuma mara nyingi hakivunjwi na mwenye gari. Kinavunjwa na aliye nyuma yake: lori lililoshindwa kusimama kwenye mteremko wa Mto wa Mbu, au Noah iliyorudi nyuma bila kuangalia stendi ya Karatu.

Hapo wewe ndiye mtu wa tatu. Bima ndogo zinazouzwa nchini kwa kawaida hulipa pia uharibifu wa mali ya mtu mwingine hadi kikomo fulani. Maana yake, hata kama wewe una bima ndogo tu, unaweza kulipwa na kampuni ya bima ya aliyekugonga.

Kosa kubwa ni kukubali "tumalizane hapahapa" kwa elfu hamsini na ahadi ya simu. Kabla hajaondoka, chukua haya:

- Picha ya namba ya gari lake na ya magari yote mawili yalivyokaa
- Jina la kampuni yake ya bima
- Jina na namba ya simu ya dereva
- Taarifa ya polisi wa usalama barabarani

Kuhakiki bima yake ni kazi ya dakika moja kwenye simu. Mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) unamruhusu yeyote kuingiza namba ya gari na kuona kama bima yake iko hai. Ikionekana imekwisha, ni bora ulijue jambo hilo mkiwa bado mko na polisi pale barabarani.

Jiwe lililorushwa na tairi la gari lililokupita ni kesi ngumu zaidi. Utalazimika kuonyesha kwamba dereva yule alifanya uzembe, na mara nyingi wakati vumbi linatulia ameshafika mbali.

Bima kubwa: inalipa, ila soma mstari wa kioo

Mwenye bima kubwa yuko salama zaidi. Uharibifu wa ghafla na wa bahati mbaya kwenye gari lake unaingia. Hata hivyo kuna mambo manne ya kuangalia kabla ya kushangilia.

1. Kifungu cha vioo. Mikataba mingi ina sehemu maalumu ya vioo yenye kikomo chake cha fedha. Angalia kama imeandikwa "kioo cha mbele" tu au "vioo vyote vya gari". Tofauti ya maneno hayo mawili inaweza kuwa tofauti ya kulipwa na kutolipwa chini ya kifungu hicho. Kioo cha nyuma kisipotajwa, dai linapelekwa kama uharibifu wa kawaida wa gari, na masharti yake ni mengine.

2. Mchango wa mteja. Hiki ndicho kiasi ambacho mwenye gari anabeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Madereva wengi wanakiita ekses. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kioo na ufundi ni shilingi 450,000, na mchango wa mteja ni 250,000. Kampuni itatoa 200,000. Kama kioo kinagharimu 230,000, haitatoa hata senti.

3. Punguzo la kutodai. Mteja asiyedai kwa mwaka mzima mara nyingi hupewa punguzo anapokata bima upya. Dai moja la kioo linaweza kulifuta. Mikataba mingine inaruhusu dai la kioo bila kugusa punguzo, mingine hairuhusu. Uliza kabla ya kujaza fomu. Wakati mwingine kulipa mfukoni ni nafuu kuliko kudai.

4. Kurejesha kinga. Kikomo cha vioo kikishatumika, kampuni nyingine hutaka ada ndogo ili kifungu kirudi kama kilivyokuwa. Usipolipa, kioo cha pili mwaka huohuo ni chako.

Pia kuna vitu vinavyopachikwa baadaye: tinti ya kubandika, maandishi ya kampuni ya utalii, kamera ya nyuma. Kama havikutajwa wakati wa kukata bima, usitegemee virudi pamoja na kioo.

Mitego ya njia hii

Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, lenye namba ya njano, likakutwa linabeba wageni wa kulipa, linaipa kampuni sababu ya kukataa dai. Matumizi yaliyoandikwa kwenye bima lazima yafanane na kazi ya gari. Hali ni hiyohiyo kwa leseni: dereva asiye na daraja linalotakiwa anaweza kumponza bosi wake hata kwa kioo kimoja.

Mtego mwingine ni uchakavu. Ukivuka lango la Loduare lami inaisha, na kutoka hapo hadi Naabi gari linatetemeka kwa saa kadhaa. Ufa ulioanza mwezi uliopita ukamalizika leo siyo ajali mbele ya mtathmini. Mpira uliooza au bawaba ya mlango iliyolegea ni matengenezo, na bima hailipi matengenezo.

Mzigo nao una lawama zake. Mtungi wa gesi, jeki au boksi la vinywaji lisilofungwa linaweza kupiga kioo kutoka ndani. Kampuni inaweza kuuliza ulifungwaje. Kamba ya bei ndogo ingeokoa maswali hayo yote.

Kwa wanaoingia na magari kutoka Kenya, Kadi ya Njano ya COMESA inatambuliwa Tanzania ingawa nchi siyo mwanachama wa COMESA. Lakini kadi hiyo ni ya dhima kwa wengine. Haitengenezi kioo chako. Kwa kioo, bima kubwa ya nyumbani lazima iwe imeandikwa kwamba inafika Tanzania.

Kimevunjika sasa hivi: fanya hivi

*Piga picha kabla ya kufagia.* Picha za gari zima, za kioo, za kilichokigonga, na moja inayoonyesha mahali. Punje zilizotapakaa ni ushahidi. Ukishasafisha, umebaki na maneno matupu.

*Toa taarifa.* Piga simu kwa kampuni, wakala au dalali wa bima siku hiyohiyo. Mikataba huweka muda wa kutoa taarifa, na kuchelewa ni sababu rahisi ya kukataliwa. Ndani ya hifadhi, askari wa getini wanaweza kukuelekeza pa kuripoti.

*Pata taarifa ya polisi* kama kuna gari lingine, wizi au mtu aliyeumia. Kumbuka PF3 ni ya majeruhi, siyo ya gari. Kwa gari kuna fomu zake, kwa hiyo mweleze askari kwamba unahitaji za bima.

*Usitengeneze bila ruhusa.* Hili ndilo linaloua madai mengi. Dereva ana safari kesho, anamwita fundi, anaweka kioo, kisha anapeleka risiti. Kampuni inauliza: tulione wapi gari lilivyokuwa? Omba ruhusa kwa ujumbe wa maandishi, hata wa WhatsApp, ili jibu libaki kwenye simu. Ukieleza kwamba gari lina wageni, waulize kama wanaweza kutathmini kwa picha.

*Chukua makadirio ya bei* kutoka kwa fundi vioo, na ukishalipa dai risiti ya EFD. Karatasi ya daftari haina nguvu.

Safari iendelee au isimame?

Wengi huziba kwa nailoni na gundi ya karatasi, wanaondoka. Kwa mwendo mfupi hadi Karatu mjini, sawa. Kwa siku nzima ya changarawe, hapana.

Gari likitembea bila kioo cha nyuma, hewa inavutwa kuingia kutoka nyuma. Inakuja na vumbi, na inakuja na moshi wa ekzosi. Abiria wa kiti cha nyuma wanaanza kuumwa kichwa na kusinzia, na hawajui kwa nini. Ukilazimika kutembea, ziba vizuri, fungua madirisha ya mbele, na usiwaweke watoto nyuma.

Kioo kipya kinachobandikwa kwa gundi nacho kinahitaji muda wa kukauka. Muulize fundi ni saa ngapi, na usikipeleke kwenye mashimo kabla ya muda huo. Vile vinavyokaa kwenye mpira, kama vya Land Cruiser za zamani, havina subira hiyo. Kabla hujamlipa, washa nyuzi za ukungu na ukanyage breki uone taa ya juu inawaka.

Wakikataa kulipa

Omba sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba wanachokitumia. Usiporidhika, TIRA ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Pia ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambayo husikiliza malalamiko ya wateja bila malipo. Huhitaji wakili kuanza.

Nani anabeba: dereva au bosi?

Hapa ndipo kioo kinapogeuka ugomvi. Bosi anasema dereva alizembea, anakata mshahara. Dereva anasema kioo kilikuwa na ufa tangu wiki iliyopita. Wote wawili hawajui mkataba wa bima unasema nini, kwa sababu karatasi iko kwenye droo Arusha.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya msimu kuanza, bosi ampigie picha dereva kurasa tatu: ya kifungu cha vioo, ya mchango wa mteja, na ya namba za simu za kutoa taarifa. Wakubaliane mapema nani analipa ule mchango, na katika hali gani. Na kila asubuhi dereva apige picha nne za gari, mbele, nyuma na pembeni, kabla hajawasha injini.

Kioo kikimwagika saa kumi na moja na nusu alfajiri, picha ya jana yake ndiyo itakayosema kama kilikuwa kizima.