MLIMA HAUTAKI PAPARA

Miongoni mwa mashindano ya magari yanayofanywa ulimwenguni, ya kupanda mlima yana funzo kubwa kwa raia na kwa wenye dhamana ya serikali. Barabara hufungwa, magari huachiwa moja baada ya jingine, na kila dereva hushindana na saa. Hakuna kupitana wala kubanana.

Tuitazame Uswisi. Katika jimbo la Jura iko barabara itokayo Saint-Ursanne hadi Les Rangiers, mwendo wa takriban kilomita 5, ambako mashindano hayo yalifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1926. Hupanda humo magari yaliyoundwa makusudi kwa mbio, lakini hupanda pia magari madogo ya kawaida yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama vile Volkswagen Golf na Renault Clio. Magari hugawanywa kwa madaraja kufuatana na ukubwa wa injini, ili mdogo ashindane na mdogo mwenziwe. Huo ndio uadilifu.

Yafaa ieleweke kuwa gari la namna hiyo lina mtihani wake. Golf GTI iliyotolewa mwaka 1976 ilikuwa na nguvu farasi 110 na uzito wa kilo 800 na ushei. Injini yake imekaa mbele, na uzito wake huyakandamiza magurudumu yanayovuta. Lakini gari linapopanda, uzito huegemea nyuma. Magurudumu ya mbele hupungukiwa na mzigo, ilhali ndiyo yanayotakiwa kuvuta na ndiyo yanayotakiwa kukata kona. Dereva mwenye papara akikanyaga mafuta katikati ya kona, tairi huzunguka bure, usukani hautiiwi, na gari huvutika kuelekea ukingo wa nje.

Dereva aliyefunzwa hushika breki mapema, gari likiwa limenyooka. Huiachia taratibu anapoingia konani ili uzito ubakie mbele, kisha husubiri usukani uanze kunyooka ndipo aongeze mafuta. Tena hujihadhari asipoteze mwendo ovyo, kwani injini ndogo ikielekea mlimani hairudishi upesi kilichopotea. Hapana shaka kwamba anayeshinda hapo ni mwenye subira na hesabu.

Upande wa serikali nao una somo. Mwaka 1955, huko Le Mans nchini Ufaransa, gari la mashindano liliwaangukia watazamaji, na watu zaidi ya 80 wakafa. Uswisi, kwa sheria yake ya mwaka 1958, ikapiga marufuku mbio za hadhara za kuzunguka uwanja. Mbio za kupanda mlima hazikufutwa, ziliwekewa masharti. Jimbo hutoa kibali pale tu waandaaji wanapothibitisha kuwa shughuli itakwenda kwa utaratibu, mahitaji ya usafiri barabarani yanaruhusu, hatua za usalama zimechukuliwa, na bima imelipwa.

Unguja na Pemba hazina milima ya namna hiyo. Hata hivyo, magari madogo yenye kuvutwa na magurudumu ya mbele, mengi yakiwa yamekwisha kutumika Japani, ni mengi katika barabara zetu, na vijana wetu wana damu moto kama vijana wa kwingineko. Barabara ya umma haina mpaka wala bendera ya kumwonya dereva. Wamo wanafunzi, wazee na wapanda baiskeli. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kwa hiyo kukemea peke yake hakutoshi. Kijana mwenye kipaji hana budi aonyeshwe mahali palipofungwa, mwalimu, na saa ya kumpima. Na anayeigeuza njia ya watu kuwa uwanja wake, sheria imkabili bila ya kuangalia ni mtoto wa nani. Kibali kitolewe kwa masharti, na masharti yasimamiwe. Hapo ari ya vijana itakuwa heri kwa Taifa, wala haitakuwa msiba kwa mzazi.