Birika la Ubatizo la Eardisley na Mila Zilizolizunguka

Katika kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena, kijijini Eardisley, Herefordshire, magharibi mwa Uingereza, lipo birika la ubatizo, yaani chombo cha jiwe cha kuwekea maji ya kubatizia, lililochongwa yapata mwaka 1150. Watazamaji wa leo hustaajabia wapiganaji wawili, simba, mafundo ya kamba yaliyosukwa na Kristo akimwopoa mtu kuzimu, kisha huliita kazi ya sanaa au mabaki ya upagani. Na majina yote mawili hulitenga jiwe na watu waliolitumia.

Katika Uingereza ya Zama za Kati, mtoto alibatizwa mapema baada ya kuzaliwa, akabebwa na mkunga, kwani mama, aliyekuwa bado hajatimiza arobaini, alibaki nyumbani. Mlangoni padre alimtia chumvi kinywani na kumkemea shetani amtoke, ndipo akaingizwa hadi kwenye birika, ambalo kwa desturi liliwekwa karibu na mlango kwa sababu ubatizo wenyewe ulihesabiwa kuwa mlango wa Kanisa. Alizamishwa mara tatu, akapakwa krisma, yaani mafuta matakatifu, akavikwa kitambaa cheupe, ambacho ndicho kilichokuwa sanda yake iwapo alifariki kabla ya mwezi kwisha. Wasimamizi wake watatu, wawili wa jinsia yake na mmoja wa jinsia nyingine, walihesabiwa kuwa ndugu wa kiroho, hata ndoa kati yao na mtoto huyo ikakatazwa. Ibada ya kumtakasa mama ilifuata baadaye.

Maji yalibarikiwa katika mikesha ya Pasaka na Pentekoste, yakahifadhiwa birikani, na mwaka 1236 Edmund wa Abingdon, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza mabirika yafunikwe na kufungwa kwa kufuli ili maji yasiibiwe kwa ajili ya uchawi. Wanaowacheka wanakijiji kwa ushirikina wakumbuke kwamba kufuli hilo liliwekwa na Kanisa lenyewe, na hakuna afungaye kitu asichokithamini.

Baadaye, wakati wa Matengenezo ya Kanisa, Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1552 kiliondoa kumkemea shetani, mafuta na kitambaa cheupe, na mwaka 1645 mwongozo mpya wa ibada ukakataza kubatizia mahali yalipokuwa mabirika, hata mengine yakatupwa nje. La Eardisley lilisalia, lakini mila iliyolifafanua ilikuwa imekwisha kukatwa. Kristo aliyechongwa akimwopoa mtu kuzimu alikuwa akifanya lile lile alilofanya padre alipomwinua mtoto majini. Asiyeliona hilo amelitazama jiwe, lakini hajaliona birika.