Kushika Koki ya Betri: Taa Isiyoungua wala Kufifia



Zamani dagaa wa ziwa letu walivuliwa kwa karabai usiku wa giza. Siku hizi mitumbwi mingi hubeba taa za LED na betri, na taa hizohizo tunazitundika kwenye mabanda ya kuku. Lakini utasikia: taa imeungua upesi, au imefifia kabla ya alfajiri.

Chanzo ni kimoja. Volti ikipanda kidogo tu, umeme unaopita ndani ya taa ya LED hupanda sana. Na betri ya volti 12 haitulii kwenye 12: ikiwa kwenye chaji hupita 14, ikichoka hushuka chini ya 12. Ni kama pipa la maji. Likijaa, bomba hutoa kwa nguvu. Likipungua, maji hutiririka tu. Anatakiwa mtu wa kushika koki.

Mshika koki wetu ni kidhibiti cha miguu mitatu, LM317, ambacho fundi redio anakifahamu. Rezista hufungwa kati ya mguu wa kutolea umeme na mguu wa kurekebishia, na taa huanzia kwenye huo wa kurekebishia. Gawanya 1.25 kwa omu za rezista, utapata ampea.

Tuchukue taa ya banda: LED mbili za wati 1, zimefuatana. Funga rezista ya omu 12 moja kwa moja. Utapata ampea 0.1, mwanga wa kulinda. Pembeni yake weka ya omu 5.6 yenye swichi. Ukiwasha swichi, unapata kama 0.33, mwanga wa kazi. Swichi ikiharibika, mwanga hupungua tu, LED haziungui. Kidhibiti hupata moto, basi kifungwe kwenye kipande cha alumini, kisichogusana na chuma kingine. Fyuzi iwe karibu na betri. Kwa taa kubwa za mtumbwini, nunua kidhibiti kilichotengenezwa tayari, maana hiki hupoteza umeme mwingi kwa joto.

Jambo moja lina hasara kubwa, ndugu zangu. Taa ya namna hii haififii kukuonya. Betri inakwisha huku mwanga ni uleule. Betri ya asidi ikikaushwa mara kwa mara hufa mapema. Kwa hiyo hesabu saa: betri nzima ya ampea-saa 7, ukitumia nusu yake, ni kama saa 10 za mwanga mkubwa, au 35 za mwanga mdogo. Zikitimia, zima uchaji.