Sura ya Saba: Kuunganisha Ratiba na Msaidizi wa Akili Mnemba

Uchumi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, tangu kata ya Ruponda hadi vijiji vya mbali vya mashamba, hufuata kalenda isiyobadilika sana mwaka hadi mwaka, kwa kuwa ufuta huanza kuuzwa kuelekea katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na korosho, zao linalobeba matumaini ya kaya nyingi kuliko mengine yote, huanza kuuzwa mwezi Oktoba. Ndani ya kalenda hiyo kubwa mna nyingine ndogo, ambazo zikivurugika hasara yake humfikia mkulima moja kwa moja: siku ambayo chama cha msingi cha ushirika, kinachojulikana kwa kifupi cha AMCOS, hupima na kupokea mzigo, siku ambayo mzigo husafirishwa kwenda ghala kuu, siku ya mnada, siku ya mkutano wa wanachama wa kuikubali bei au kuikataa, na siku ya malipo kuingia benki. Utaratibu huu ni wa stakabadhi ghalani, uliowekewa msingi na sheria ya mwaka 2005, na katika eneo hili vyama vya msingi hukutanishwa na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeundwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Minada yenyewe sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo hujulikana kama TMX, na hivyo ratiba iliyokuwa ikibandikwa mlangoni mwa ghala inazidi kuwa taarifa ya kompyuta.

Programu ya ratiba ni programu ya kompyuta au ya simu inayotunza matukio pamoja na wakati wake, mahali pake, wahusika wake na vikumbusho vyake. Nyingi kati ya programu hizi huelewana kwa sababu zinafuata kanuni moja ya uandishi wa matukio, iitwayo iCalendar, iliyochapishwa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2009, ambayo hulipatia kila tukio saa ya kuanza, saa ya kumalizika, ukanda wa saa, namba ya utambulisho isiyofanana na nyingine, na, pale inapohitajika, kanuni ya kujirudia.

Msaidizi wa kuandika programu ni chombo cha aina nyingine kabisa. Kiini chake ni modeli ya lugha, yaani mfumo wa akili mnemba uliofunzwa kwa maandishi mengi mno hata ukaweza kukisia neno linalofaa kufuata neno lililotangulia, na kwa njia hiyo kutunga sentensi au mistari ya programu. Wasaidizi wa mwanzo kupata umaarufu, kama GitHub Copilot ya mwaka 2021, walikamilisha mistari ambayo mwandishi alikuwa ameianza, ilhali waliofuata, kama Claude Code iliyotolewa mwaka 2025, huweza kusoma mafaili yote ya mradi, kuendesha amri, kujaribu programu na kuirekebisha inapokwama. Pamoja na uwezo huo wote, modeli ya lugha ikiwa peke yake haijui leo ni tarehe ngapi, wala haijui mnada wa Ruponda umepangwa lini, na ikiulizwa bila kupewa taarifa huenda ikatunga jibu linaloonekana la kweli.

Kasoro hiyo ndiyo inayoleta haja ya kuunganisha vyombo hivi viwili. Chukuliwe mfano wa kijana anayeandikia chama cha ushirika programu ya kutuma ujumbe mfupi wa simu kwa makatibu wa AMCOS siku mbili kabla ya mnada. Msaidizi asiyeiona kalenda atamwandikia programu inayofanya kazi vizuri kwa matukio ya kubuni, yaliyonyooka na kukamilika, kisha programu hiyohiyo itaanguka siku ya kwanza ya kazi kwa sababu katika kalenda halisi tukio moja limeandikwa “Mnada wa pili”, jingine “MNADA NA. 2”, la tatu halina mahali, na la nne limewekwa kama tukio la siku nzima lisilo na saa. Msaidizi aliyeunganishwa huyasoma matukio hayo jinsi yalivyo, huandika programu inayoyavumilia, na humwonyesha mwandishi ni yapi yanayohitaji kusahihishwa na mtu. Faida kubwa iko hapo, kuliko hata katika kasi ya kuandika ambayo husifiwa zaidi.

Kwa muda mrefu kila muungano wa namna hii ulijengwa peke yake, kiasi kwamba wasaidizi kumi na programu kumi za ratiba zingehitaji viungo mia moja. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza itifaki ya wazi iitwayo MCP, ambayo kwa maana ni itifaki ya kuipatia modeli muktadha, na katika mwaka 2025 makampuni mengine makubwa, yakiwemo OpenAI na Google, yakaikubali. Itifaki ni makubaliano ya jinsi programu mbili zinavyozungumza: nani huanza, ujumbe huandikwaje, na kosa huripotiwaje. Kwa makubaliano hayo kila msaidizi hujifunza lugha moja, na kila programu ya ratiba hujengewa mlango mmoja, na viungo mia hupungua kuwa ishirini.

Pande za makubaliano hayo ni tatu. Mwenyeji ni programu anayoitumia mtu, yaani msaidizi mwenyewe. Mteja ni sehemu ndani ya mwenyeji inayoshughulikia mawasiliano. Na seva ni programu inayosimama mbele ya kalenda na kueleza kalenda hiyo inaweza kufanya nini. Seva hapa si lazima iwe mashine kubwa katika chumba chenye kiyoyozi, kwani aghalabu ni programu ndogo inayokaa katika kompyuta mpakato ileile ya mwandishi, ingawa modeli inayoitumia kwa kawaida huwa mbali na huhitaji intaneti. Muungano unapoanza, seva hutoa orodha ya zana zake, na kila zana huwa na jina, maelezo ya kazi yake kwa maneno ya kawaida, na taarifa inazohitaji ili ifanye kazi. Mtumiaji anapouliza minada ya wiki ijayo, modeli husoma maelezo hayo, huchagua zana ya kuorodhesha matukio, na kuandika ombi lenye tarehe mbili. Mteja hulipeleka, seva huifungua kalenda na kurudisha matukio, na ndipo modeli huyatumia kujibu au kuandika programu. Modeli haigusi kalenda hata mara moja. Huomba tu, na seva ndiyo inayotenda.

Jambo hilo dogo lina uzito mkubwa, kwa kuwa lina maana kwamba ubora wa muungano hutegemea sana maelezo yaliyoandikwa kwenye zana, si ukubwa wa modeli peke yake. Zana iliyoelezwa kwa maneno “hupanga tukio” haimwambii msaidizi lolote kuhusu mnada, ghala wala Jumamosi ya soko, na hapo ndipo jukumu la mwandishi wa programu aliyezaliwa katika mazingira husika linapoanza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni saa. Msemaji wa Kiswahili huhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza na za usiku tangu linapozama, ilhali kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane, kwa mfululizo wa saa 24. Karani anayeandika “mnada Alhamisi saa 4” anakusudia saa nne asubuhi, ambayo kwa kompyuta ni 10:00, lakini seva isiyofundishwa itaandika 04:00, wakati ambapo hata ghala halijafunguliwa. Kanuni ya kugeuza ni nyepesi: saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, huongezewa 6, na saa za usiku, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, huongezewa 18, na jumla ikifika 24 au kuzidi hutolewa 24. Kwa hiyo saa tisa alasiri ni 15:00, saa mbili usiku ni 20:00, na saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Siku nayo ina mtego wake, kwa kuwa saa saba usiku wa kuamkia Ijumaa ni 01:00 ya Ijumaa, ilhali kwa mazungumzo ya watu wengi huo bado ni usiku wa Alhamisi. Kanuni hizi zapasa kuandikwa ndani ya seva, zikokotolewe na programu ya kawaida isiyokisia, na maelezo ya zana yaitake modeli ipokee neno la kipindi, yaani asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku au alfajiri, na iulize pale neno hilo linapokosekana.

Baada ya saa ya msemaji huja ukanda wa saa. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia iitwayo UTC, mwaka mzima bila mabadiliko, lakini kompyuta nyingi zinazohifadhi programu za mtandaoni hufuata UTC yenyewe. Tukio la 10:00 likihifadhiwa bila kutajwa ukanda, kisha likasomwa kana kwamba ni la UTC, simu ya Nachingwea italionyesha saa 13:00, yaani saa saba mchana, na mnada utakuwa umekwisha. Wanunuzi wa korosho ghafi aghalabu wana ofisi India na Vietnam, ambako mnada wa saa nne asubuhi wa Nachingwea huangukia 12:30 na 14:00 mtawalia, na kwa sababu hiyo ukanda uliotajwa kwa jina katika kila tukio ni haki ya mkulima, kwa maana mnunuzi aliyekosea saa hapandishi bei.

Historia ya Nachingwea inaonyesha kwa gharama kubwa kinachotokea ratiba inapoandikwa mbali na mahali pake. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza kutekelezwa mwaka 1947, ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa katika Jimbo la Kusini, na ulipangiwa miaka na tani kabla ya bandari ya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea kujengwa, na kabla udongo na mvua havijapimwa kwa muda wa kutosha. Mwaka 1951 uliachwa, ukiwa umeteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Waliopanga hawakukosa bidii wala hesabu. Walikosa taarifa za mahali, na msaidizi wa akili mnemba, anayeweza kutoa ratiba ya msimu mzima kwa sekunde chache, yuko katika hatari ileile asipopewa taarifa hizo.

Upande wa ruhusa unahitaji uangalifu zaidi ya ule wa saa. Seva huingia kwenye kalenda kwa tokeni, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaotolewa baada ya mwenye kalenda kukubali, na ambao hueleza kiwango cha ruhusa: kusoma tu, au kusoma na kuandika. Tokeni haipaswi kuandikwa ndani ya mafaili ya mradi yanayosambazwa, kwa sababu anayeipata huwa na uwezo wote ambao tokeni hiyo imeruhusu. Kosa la kuandika nalo ni zito kuliko la kusoma, kwani msaidizi aliyesoma vibaya humpotosha mtu mmoja, ilhali aliyesogeza tarehe ya mnada katika kalenda ya pamoja hupotosha AMCOS zote kwa wakati mmoja.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Modeli hupokea maagizo na taarifa kwa njia moja, yaani maandishi, na hivyo maandishi yaliyomo ndani ya tukio la kalenda yanaweza kujifanya maagizo. Mwaka 2025 watafiti wa Israel walionyesha kwamba mwaliko wa kalenda uliofichiwa maneno maalumu uliweza kumfanya Gemini, msaidizi wa Google, awashe na kufungua vifaa ndani ya nyumba baada ya mwenye kalenda kuomba asomewe ratiba yake. Kinga inayofaa ni kumtaka mwenyeji aombe idhini ya mtu kabla ya kila tendo linalobadilisha kitu, na idhini hiyo isomwe, isibonyezwe kwa mazoea. Kalenda ya ushirika pia hubeba majina na namba za simu za watu, ambazo tangu Mei 2023 zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwa kuwa modeli nyingi ziko nje ya nchi, namba hizo ni bora ziondolewe na seva kabla jibu halijatoka.

Yakishakamilika hayo, muungano unaweza kupanuliwa hata shambani. Unga wa salfa unaotumika kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga wa mikorosho hupulizwa kwa mizunguko ya takriban siku 14, alfajiri wakati umande ungalipo na upepo umetulia, na viuatilifu vya maji kwa takriban siku 21. Kanuni ya kujirudia ya iCalendar huweza kubeba mizunguko hiyo kwa mstari mmoja, lakini mzunguko wa kwanza huanzia siku mikorosho inapotoa machipukizi na maua, na siku hiyo huingizwa na mtu aliyeiona mikorosho yenyewe. Waandishi wa programu wa Ruangwa na Nachingwea wanaombwa kuanza na ruhusa ya kusoma peke yake, kuandika maelezo ya zana zao kwa Kiswahili kamili chenye saa na misimu ya kwao, na kumkabidhi karani wa ghala maelezo hayo ayasome na kuyasahihisha kabla msaidizi hajaruhusiwa kuandika tukio hata moja.